Wimbo ni wa mwenye karatasi

Wiki mbili zilizopita, baada ya sala ya alasiri, kijana mmoja wa mtaani kwetu alinijia barazani na simu yake mkononi. Alinisikizisha wimbo wa taarabu wa zamani, sauti imechakaa kama iliyotoka ndani ya mtungi, kisha akaniuliza: "Mzee, wamjua aliyetunga haya? Nataka kuuimba upya, lakini sitaki kuchukua cha mtu bila idhini yake."

Nilinyamaza kidogo. Maneno yale ni yangu. Niliyatunga mwaka 1991, ndevu ndiyo kwanza zinaota, nikampelekea muuza kanda mmoja ambaye jina lake nalisitiri. Alinipa shilingi 200 na glasi ya sharubati. Kanda ilipotoka, jina la mwimbaji lilikuwapo, jina la duka lilikuwapo kwa herufi kubwa, na picha ya ua la waridi ilikuwapo. Langu halikuwapo.

"Ni mimi," nikamwambia.

Kijana hakunikadhibisha, maana ana adabu zake. Aliuliza tu, "Iko karatasi yoyote, mzee?"

Karatasi haikuwako. Usiku ule sikulala vizuri, na nilipokuwa nikigeuka kitandani sikulifikiri duka lile hata kidogo. Nilifikiri, ukitaka niamini, usitake niache, juu ya kampuni moja ndogo ya santuri ya huko Texas, Marekani, iitwayo Starday. Msomaji utaniuliza mtu wa pwani ana nini na Texas. Ngoja nikueleze.

Marehemu ami yangu alikuwa dereva wa lori, akipiga safari za Mombasa na Kampala. Katika miaka ya themanini, likizo za shule, alikuwa akinichukua hadi Voi au Mtito Andei na kunirudisha na dereva mwenziwe. Ndani ya lori lile hamkukosekana kanda za kantri, zile nyimbo za Wazungu wa mashamba na magari makubwa. Jim Reeves tulimjua sote, maana redioni alikuwa kama mtu wa nyumbani. Lakini ami alikuwa na mmoja aliyempenda zaidi, na huyo hata haimbi. Asimulia tu, gitaa likimfuata nyuma polepole, mfano wa mzee asomaye utenzi. Jina lake Red Sovine. Kisa kimoja chake ni cha dereva aliyeachwa na mkewe, mke akaondoka na mtoto mdogo. Miaka ikapita, dereva akaja akakutana na kijana njiani, naye dereva vilevile, kumbe ndiye mwanawe. Ami hakujua Kiingereza kingi, lakini kisa kile alikifahamu vyema, na kila kilipofika mwisho alikuwa akishusha kioo cha dirisha na kusema joto limezidi.

Kisa hicho, "Giddyup Go", kilitolewa na Starday mwishoni mwa 1965, na mwanzoni mwa 1966 kikashika nafasi ya kwanza katika orodha ya nyimbo za kantri za Marekani. Jina hilo la Starday nililiona juu ya kanda ya ami likanikaa kichwani, na kwa miaka mingi, kila nilipopata gazeti au kitabu kinachoitaja kampuni ile, nimekisoma.

Starday ilianzishwa mwaka 1952 mjini Beaumont na watu wawili. Jack Starnes alikuwa msimamizi wa waimbaji. H. W. Daily, aliyeitwa "Pappy", yaani Baba, alikuwa mfanyabiashara wa Houston aliyeuza santuri na kuweka kwenye mikahawa zile mashine ambazo mtu hutia sarafu akachagua wimbo. Walichukua kipande cha jina la huyu na kipande cha jina la yule, wakaviunga. Hapakuwa na mtu wa Nashville hapo, wala wa New York, wala mwenye mtaji wa kutisha.

Mwaka uliofuata, 1953, akaingia wa tatu, Don Pierce, na huyu ndiye hasa niliyemkusudia. Alizaliwa Seattle, kaskazini-magharibi kabisa, mbali na nchi ya banjo na fidla. Hakuwa mwimbaji. Alikuwa amefanya kazi California katika kampuni nyingine ndogo iliyoitwa 4 Star, na alilijua vizuri jambo ambalo sisi washairi wa huku tulichelewa kulijua: kwamba santuri ni kitu kimoja na wimbo ni kitu kingine. Santuri huuzwa, huvunjika, husahauliwa. Wimbo, yaani maneno na mahadhi yake, ukishaandikishwa una mwenyewe, na kila auimbaye katika santuri yake, na kila stesheni ya redio iupigayo, yawapasa wamlipe mwenye haki ya wimbo ule.

Santuri yao ya kwanza kuvuma ilikuwa "You All Come" ya Arlie Duff, mwalimu wa shule wa huko huko Texas, mwaka 1953. Starday waliuza kiasi chao. Lakini wimbo ulipendwa na wengine, ukaimbwa hata na Bing Crosby, ambaye siku hizo alikuwa mtu mkubwa wa redio na senema. Duka dogo la Beaumont likawa lapokea senti zake kutokana na koo la mtu ambaye pengine hakujua Beaumont iko upande gani.

Chumba chao cha kurekodia hapo mwanzo kilikuwa sebule ya nyumba ya Starnes. Kutani walipigilia trei za mayai kuzuia mwangwi, na lori likipita barabarani iliwabidi wasimame waanze upya. Sebuleni mle, mwanzoni mwa 1954, aliingia kijana aliyetoka jeshini miezi michache tu nyuma, aitwaye George Jones, ambaye baadaye alikuja kuhesabiwa na wengi kuwa sauti bora kabisa ya kantri hadi alipofariki mwaka 2013. Wimbo wake wa kwanza ulikuwa na jina ambalo kwa lugha yetu ni kama kusema, "Biashara hii haina pesa". Naapa jina hilo sikulizua mimi.

Mwaka 1955 Jones akatoa "Why Baby Why", aliyoitunga pamoja na Darrell Edwards, ikafika nafasi ya nne. Hapo ndipo wakubwa waliposhtuka. Decca, kampuni yenye nguvu, ikawachukua Webb Pierce na Red Sovine (naam, yuleyule wa ami) wakauimba wimbo huohuo, na santuri yao ikapanda hadi nafasi ya kwanza mwaka 1956. Kwa desturi zetu, hapo mwenye wimbo angelia barazani mpaka kiza kiingie. Starday hawakuwa na sababu ya kulia sana, maana haki ya wimbo ilikuwa ndani ya mtoto wa meza yao. Decca walipouza, wao pia walikula.

Yaliyofuata nitayapita haraka. Starnes alikuwa keshajitoa. Kuanzia Januari 1957 Daily na Pierce walishirikiana na kampuni kubwa ya Mercury, na mwaka 1958 ushirika ule ukavunjika. Daily akaondoka na George Jones. Pierce akabaki na jina la Starday na mafaili. Wapita njia bila shaka walimhurumia.

Sasa tazama ni wakati gani huo. Muziki wa roki ulikuwa umewachukua vijana, na makampuni makubwa ya Nashville yakaona dawa ni kuwasafisha wakulima. Banjo ikaondolewa, fidla ya kijijini ikaondolewa, pakaletwa vinanda vya kistaarabu na kikundi cha waitikiaji wenye sauti za maziwa. Jim Reeves ni matunda ya zama hizo, na sisemi kuwa matunda yale yalikuwa machungu, maana nami nimeyala. Lakini wazee waliokuwa wakipiga kwa namna ya baba zao walijikuta hawana pa kurekodi. Jambo hili msomaji wa Lamu au wa Mombasa hahitaji kufafanuliwa. Aliyeshuhudia kinanda cha umeme kikiuondoa udi katika harusi ameshalifahamu.

Pierce akakaa nje kidogo ya mji wa Nashville, katika barabara iitwayo Dickerson, na mwaka 1960 akafungua studio yake mwenyewe. Akaanza kuwakusanya wale wazee. Stanley Brothers na Carl Story, watu wa mtindo wa blugrasi, wenye banjo na sauti kali za milimani. Stringbean, mpiga banjo mchekeshaji. Blue Sky Boys, ndugu wawili walioacha muziki tangu 1951, wakarudi kurekodi kwake mwaka 1963. Na Cowboy Copas, aliyekuwa nyota katika miaka ya arubaini kisha akasahauliwa; mwaka 1960 alitoa na Starday wimbo wa "Alabam", ukakaa nafasi ya kwanza wiki 12. Mtu ambaye soko lilikuwa limekwisha kumsomea hitima! Hakufaidi muda mrefu. Machi 1963 alikufa katika ajali ya ndege pamoja na Patsy Cline.

Je, Pierce aliwakusanya kwa mapenzi? Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wapendao kufanya kila mhifadhi kuwa walii. Mimi naona alipiga hesabu. Wazee wale walikuwa rahisi kuwapata kwa kuwa hapakuwa na aliyewagombania, na vijijini walikuwako wanunuzi waliokuwa na kiu yao. Alitoa santuri ndefu zenye nyimbo nyingi kwa bei nafuu, majalada yana rangi kama khanga ya sikukuu, akaziuza hata kwa posta. Wimbo uliokwisha tolewa katika santuri moja aliutia katika nyingine, na katika nyingine tena, kama mpishi anayepakua biriani ya jana katika sinia mpya. Akaona madereva wa malori ni wateja, akawatolea nyimbo zao: Willis Brothers mwaka 1964 waliimba habari za dereva asiyepata mahali pa kugeuzia gari lake, kisha Red Sovine akaja na visa vyake. Ulikuwa uchuuzi mtupu. Lakini leo mtu akitaka kusikia banjo ya milimani ilivyopigwa miaka ile, aghalabu atafika mlangoni kwa mchuuzi huyu. Nami nasema afadhali mchuuzi mwenye daftari kuliko mpenzi wa sanaa asiye na daftari, na wapenzi wa namna hiyo tunao tele, wengine wamo katika kamati.

Najua wako watakaoninong'ona: mwalimu, hizo si nyimbo za walevi? Nyingine ndiyo, na sizitetei. Ninalozungumza mimi ni karatasi.

Na karatasi nayo ina upande wake mbaya, nisiufiche. Tangu siku za Texas, Starday walikuwa na biashara ya pembeni. Mtu yeyote wa kijijini mwenye wimbo wake, ambaye hakuna kampuni iliyomtaka, aliweza kuwapelekea utepe na pesa, wakamchapishia santuri mia chache zenye chapa ya Starday, akaziuze mwenyewe dansini au azipeleke stesheni ya redio ya wilayani. Yeye ndiye aliyelipa, na haki ya wimbo mara nyingi ilibaki kwa Starday. Ukitaka kuiita dhulma sitakuzuia. Masikini analipia jahazi, kisha shehena yaandikwa jina la nahodha.

Lakini chukua moja ya santuri hizo uigeuze. Siku hizi wakusanyaji wa Ulaya huzitafuta kwa pesa nyingi. Chini ya jina la wimbo, kwa herufi ndogo, ndani ya mabano, limo jina la mtungaji. Mtu wa shamba asiyejulikana hata kata ya pili, aliyerekodi mara moja maishani mwake, jina lake limo. Alichukuliwa fedha, pengine, lakini hakuchukuliwa utungo wake. Mimi nilipewa shilingi 200 na sharubati, na katika mabano yangu hamna kitu.

Kosa hilo silitupi lote kwa wenye maduka. Nasi hapa pwani tulikuwa na wachapishaji wetu wadogo wa santuri, na baadaye wa kanda, na wengine walikuwa waadilifu kabisa. Lakini sisi washairi tulikuwa na kiburi. Tuliona kudai hati ni tabia ya wauza samaki, na kwamba maneno hutoka kwa Mungu, basi mtu atayaandikia risiti vipi? Tukasahau kuwa Mungu huyohuyo ndiye aliyeamrisha kuandikiana. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Msahafu, katika Suratul Baqara, ni ya kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Chuoni nilichapwa bakora juu ya aya hiyo mpaka nikaihifadhi. Kisha nikatoka chuoni, nikaenda kuuza maneno yangu bila ya mwandishi, wala shahidi, wala siku ya mwezi.

Tena wazee wetu walikuwa na mabano yao. Fungua utenzi wowote wa kale au shairi refu, utaona aghalabu mwishoni mtunzi ajitaja: mimi fulani, mwana wa fulani, wa mji fulani. Beti zile ndizo hati. Zilisomwa pamoja na shairi, kwa hiyo popote shairi lilipokwenda mtunzi alikwenda nalo. Kisha ikaja santuri, upande wake mmoja dakika tatu, au zikizidi sana nne. Shairi la beti kumi lingeingiaje? Likakatwa, na mkataji huanza mwishoni. Santuri ya Mzungu ilimkata mshairi kwa kisu na kumrudishia mabano ya kuandikia jina. Sisi tulikipokea kisu, mabano hatukuyadai.

Mwisho wa Starday ulikuwa wa kibiashara kama mwanzo wake. Mwaka 1968 alifariki Syd Nathan, mwenye kampuni ya King ya Cincinnati, ambako alirekodi James Brown, na Starday ikainunua King. Hebu fikiri, duka la banjo kuwa na mkataba wa James Brown! Haikudumu. Mwaka huohuo zote mbili zikauzwa kwa kampuni ya matangazo iitwayo Lin, na mwaka 1971 James Brown akahamia Polydor; watu wa Kongo walipomwona Kinshasa mwaka 1974 alikuwa keshaondoka huko. Mafaili ya Starday na King yakazidi kubadilisha mikono, mwaka 1975 yakaangukia kwa wafanyabiashara wengine wa Nashville. Mwaka 1976, chini ya chapa ileile, Red Sovine akapata nafasi ya kwanza tena kwa kisa cha mtoto kiwete aliyefiwa na baba dereva, azungumzaye na madereva kwa redio ya simu ya upepo. Kanda ya kisa hicho ami aliicheza mpaka ikakatika, akaiunga kwa rangi ya kucha ya mkewe. Sovine mwenyewe alikufa mwaka 1980, moyo ulimshika akiwa anaendesha gari.

Don Pierce alifariki mwaka 2005. Mwaka 2011 mtafiti aitwaye Nathan Gibson alichapisha kitabu kizima juu ya Starday. Niliposikia habari hiyo sikuona ajabu ya kitabu, niliona wivu wa mafaili: nani alirekodi, lini, wimbo wa nani. Mtu akitaka kuandika kitabu kama hicho juu ya taarabu yetu ya kanda, atakwenda kufungua kabati gani? Itambidi apige hodi nyumba kwa nyumba, na wenye nyumba wanapungua kila Ijumaa.

Basi kijana wangu alirudi juzi. Nilikuwa nimefikiri. Shairi langu lilikuwa na beti saba, na kanda ile ina tano tu. Muuza kanda alisema utepe hautatosha. Ubeti wa saba una jina langu, la baba yangu, na la mtaa wetu. Nikamwambia, "Karatasi sina, lakini kaa kitako usikilize."

Nikamsomea mbili zilizokatwa. Miaka yote hiyo sikuwahi kumsomea mtu. Alikuwa ameziweka zile tano katika simu, akazicheza tena, akahesabu mizani kwa vidole, akalinganisha vina vya kati na vya mwisho. Kisha akazima simu akaniambia, "Vina ni vilevile, mzee. Tafadhali soma tena polepole, niandike. Na mwaka ni upi?"

Nikamwambia mwaka. Akaniomba niite mtu wa pili wa kushuhudia, nami nikamwita jirani yangu muuza kahawa, ambaye hajui kusoma ila ana muhuri.